Kitanda Usichokilalia: Kupima Tovuti Yako kwa Fedha Kidogo

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya maafisa miradi na wahudumu wa mawasiliano. Tumeichapa kama ilivyotolewa, isipokuwa kipindi cha maswali na majibu ambacho tumekiacha kwa ajili ya ufinyu wa nafasi. – Mhariri)



Nimepewa dakika 40 nizungumzie namna ya kupima kama tovuti zetu zinatumika kwa urahisi. Nilipoona ratiba asubuhi nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Hii si mada yetu, ni ya yule kijana wa kompyuta." Naomba mnivumilie. Jambo nitakalolieleza halihitaji ufundi wa kompyuta. Linahitaji kiti, daftari, simu ya mtu mwingine, na uwezo wa kukaa kimya kwa nusu saa. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, hasa kwetu sisi tuliozoea kuhutubia.

Wazee wetu walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tovuti ni kitanda tunachowatandikia watu wengine. Sisi tuliokitandika hatukilalii. Nianze kwa kuwaeleza kunguni niliowatandika mwenyewe.

Fomu iliyopotea

Miaka michache iliyopita mradi wetu wa ufadhili wa ada za vyuo vya ufundi uliamua kuacha kusambaza fomu za karatasi. Fomu tukaiweka kwenye tovuti. Tuliona tumepiga hatua kubwa: tunaokoa karatasi, mafuta ya pikipiki na muda wa wainjilisti. Tangazo likasomwa katika sharika zote kwamba fomu zinapatikana kwenye tovuti.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumepokea maombi 64. Mwaka ule wa tovuti tulipokea 11, na kati ya hayo 7 yalitoka kwa watoto wa watumishi wa mjini. Kamati ilipokaa, mimi ndiye niliyeandaa taarifa, na sentensi niliyoiandika naikumbuka hadi leo: "Mwitikio wa wazazi umekuwa mdogo." Mjumbe mmoja akasema wazazi wa siku hizi hawajali elimu ya watoto wao. Sikumpinga. Fedha zikagawiwa kwa hao waliopatikana, na kitabu kikafungwa.

Wiki mbili baadaye mama mmoja aliingia ofisini kwangu akiwa na simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja kuuliza habari za ule msaada wa ada. Nimeingia kwenye hiyo tovuti yenu siku tatu, fomu sikuiona. Nikasema labda zimekwisha."

Labda zimekwisha! Alidhani fomu za kwenye tovuti zinakwisha kama zile za karatasi. Ulimi wangu ulikuwa tayari kumjibu, "Mama, mbona ipo pale pale?" Sijui ni kitu gani kilinizuia. Badala yake nikamwambia, "Hebu kaa hapa mama, unionyeshe ulivyofanya." Nikavuta kiti nikakaa pembeni yake.

Akafungua tovuti. Picha kubwa ya jengo letu ikaanza kushuka polepole, kipande kwa kipande. Tukaisubiri. Kisha ikatokea menyu yetu: Nyumbani, Kuhusu Sisi, Programu, Rasilimali, Habari, Ingia. Bila kusita akabonyeza "Ingia". Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kwa mshangao: "Si ndipo pa kuingilia?" Ukatokea ukurasa unaomtaka jina la mtumiaji na nywila. "Hapa ndipo waliponizuia," akasema. "Nikajua hii ni ya wafanyakazi."

Alikuwa sahihi kabisa. Ilikuwa ya wafanyakazi.

Akarudi nyuma. "Programu" hakuigusa, kwa kuwa alidhani ni mambo ya kompyuta. Kidole chake kikapita juu ya "Rasilimali" kikaendelea. Nikamuuliza, "Na hapa mama?" Akajibu, "Hayo ni mambo ya misitu na madini, baba. Mimi natafuta ada ya mtoto."

Ndugu zangu, fomu ilikuwa ndani ya "Rasilimali". Neno hilo nililichagua mimi. Nililitafsiri kutoka kwenye tovuti ya wafadhili wetu wa ng'ambo, ambako chini ya neno hilo huwekwa fomu, ripoti na vitabu. Kwa mfadhili lina maana hiyo. Kwa mama aliyekaa mbele yangu lilikuwa na maana ya mkaa, mbao na dhahabu.

Binti yake alikuwa amepata nafasi chuoni kujifunza umeme wa magari. Fedha zilikuwa zimekwisha gawiwa. Tulimsaidia mwaka uliofuata, naye alimaliza vizuri, lakini mwaka mmoja wa maisha yake ulipotea kwa sababu ya neno moja kwenye menyu. Na mimi nilikuwa nimeiandikia kamati kwamba mama yake hakuitikia.

Fedha nyingi si kinga

Mtu anaweza kusema makosa kama haya ni ya taasisi maskini. Sivyo. Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili wananchi wachague bima ya afya. Ilikuwa imegharimu mamia ya mamilioni ya dola. Siku ya kwanza watu waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho walikuwa 6 tu. Sababu zilikuwa nyingi, ikiwemo mitambo kuzidiwa na tovuti nzima kutopimwa vya kutosha kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla ya kufunguliwa. Lakini moja ya sababu zile inafanana na ya kwetu: mwananchi alilazimishwa kufungua akaunti kwanza kabla hata ya kutazama bima zilizopo na bei zake. Watu wakajazana mlangoni. Kwa maneno mengine, nao walikuwa na kitufe chao cha "Ingia".

Kwa upande mwingine, tunao mfano wa jirani zetu unaoonyesha faida ya kutazama watu kwanza. Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ya Kenya ilianza kuijaribu huduma ambayo leo sote tunaijua kwa jina la M-Pesa. Wakati huo haikukusudiwa kuwa huduma ya kutumiana fedha. Ilikusudiwa kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya kurejesha marejesho yao kwa simu. Wakachukua mamia ya wateja, si maelfu, wakawapa huduma na kuwatazama wanavyoitumia. Wakaona watu wanatumiana fedha wao kwa wao, na wengine wanaweka fedha kwenye simu kabla ya safari ili wasitembee na noti mfukoni. Hayo hayakuwa kwenye mpango. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kazi yake kuu ilikuwa kutuma fedha nyumbani. Nasi Tanzania tukaipata mwaka 2008. Wangeng'ang'ania andiko lao la mradi, sijui kama leo tungekuwa tunalijua jina hilo.

Kwa hiyo tofauti haikuletwa na fedha. Ililetwa na kumtazama mtumiaji mwenyewe akitumia, kabla hujajiridhisha kwamba kazi imekwisha.

Watu wangapi wanatosha?

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu tumezoea tathmini za wafadhili zenye dodoso 300 na mtaalamu mwelekezi. Kwa kazi hii huhitaji hayo.

Mtaalamu mmoja aitwaye Jakob Nielsen, raia wa Denmark, amekuwa akihubiri upimaji wa gharama nafuu tangu mwaka 1989. Mwaka 1993 yeye na Thomas Landauer walikokotoa kutokana na miradi kadhaa kwamba mtu mmoja akijaribu mfumo, kwa wastani hugundua karibu asilimia 31 ya matatizo yake. Mtu wa pili hurudia baadhi ya yale ya wa kwanza na kuongeza mapya, ingawa si mengi kama ya wa kwanza. Wa tatu huongeza machache zaidi. Ukifika mtu wa 5 umekwisha kuona karibu asilimia 85. Baada ya hapo unalipa nauli ya watu ili wakuonyeshe yale yale. Ndiyo maana Nielsen alishauri mwaka 2000 kwamba kama una uwezo wa kupima kwa watu 15, usiwaite wote siku moja. Waite 5, rekebisha. Waite 5 wengine, rekebisha. Halafu 5 wa mwisho.

Naomba niwe mkweli: si wote waliokubaliana naye. Mwaka 2001 Jared Spool na Will Schroeder walipima tovuti za kuuza bidhaa, wakakuta watu 5 wa kwanza waligundua asilimia 35 tu ya matatizo. Kwa hiyo namba 5 si sheria. Tovuti ikiwa kubwa na yenye shughuli nyingi, watu 5 hawatoshi. Vilevile watumiaji wakiwa wa makundi tofauti, kila kundi lipimwe peke yake. Mzazi anayetafuta fomu, mwalimu wa chuo anayetuma orodha ya wanafunzi na mfadhili anayesoma ripoti hawaoni tovuti moja.

Lakini kwa tovuti ndogo kama zetu, zenye kurasa 15 au 20, ushauri wa Steve Krug, mwandishi mwingine wa mambo haya, unafaa sana: watu 3, mara moja kila mwezi, asubuhi moja. Mtu 1 ni bora kuliko kutopima kabisa. Mimi niliamshwa na mtu 1.

Namna ya kufanya

Sasa niwape hatua tunazozifuata. Mnaweza kuandika.

Kwanza, andaa kazi za kufanya, usiandae maswali ya maoni. Ukimuuliza mtu, "Unaionaje tovuti yetu?" atakujibu, "Ni nzuri." Mpe kazi. Na unapoiandika kazi hiyo usitumie maneno yaliyo kwenye menyu yako, maana utakuwa umemwonyesha njia. Usiseme, "Fungua Rasilimali." Sema, "Mwanao amemaliza kidato cha nne, anataka kujifunza useremala. Umesikia kuna msaada wa ada. Tumia simu yako uombe." Kazi 3 au 4 zinatosha.

Pili, tafuta watu wanaofanana na watumiaji wako. Usichukue wafanyakazi wenzako wala vijana wa kwaya wanaoshinda kwenye simu. Sisi tuliwapata kwenye mkutano wa wazazi, foleni ya kliniki na sokoni.

Tatu, watumie simu zao wenyewe. Tovuti yetu ilikuwa nzuri sana kwenye kompyuta ya ofisi yenye kioo kikubwa na mtandao wa haraka. Kwenye simu iliyopasuka kioo, nafasi imejaa, bando linakaribia kwisha na jua linawaka, ilikuwa kitu kingine kabisa. Wape vocha ili usiwamalizie bando lao.

Nne, funguka vizuri. Sisi tunasema hivi: "Asante kwa kuja. Leo tunaijaribu tovuti, hatukujaribu wewe. Ukikwama, kosa ni letu, na ndicho tunachokitafuta. Tafadhali uwe unasema kwa sauti unachokitazama na unachokifikiria. Ukichoka, unaweza kuacha wakati wowote." Sentensi ile ya pili irudieni mara mbili. Watu wetu wamefanya mitihani mingi ya kuaibishwa. Mtu mzima akikwama mbele yako anaona haya, na mara nyingi atasema, "Mimi sikusoma sana." Akisema hivyo, ujue hapo pana tatizo la tovuti, uliandike.

Tano, nyamaza. Anapokuuliza, "Nibonyeze hapa?" jibu, "Kama mimi nisingekuwepo, ungefanyaje?" Kisha subiri. Hii itakuuma. Nilikaa na baba mmoja aliyezunguka dakika 6 akitafuta kitufe kilichokuwa chini kidogo ya kidole chake. Mkono wangu ulikuwa unanisumbua kutaka kumwonyesha. Lakini nyumbani kwake mimi sitakuwepo.

Sita, zingatieni heshima zetu. Vitabu vya upimaji vimeandikwa kwa mazingira ambayo mgeni anaweza kumwambia mwenyeji kwamba chakula hakina chumvi. Kwetu mgeni hasemi hivyo. Mama mmoja alishindwa kazi zote 3, na nilipomuuliza mwishoni akasema, "Tovuti nzuri sana mwanangu, Mungu awabariki." Kwa hiyo tazameni mikono, msitegemee mdomo. Mchungaji wa usharika au mkuu wa idara asiwe msimamizi wa zoezi. Pia tumeona kwamba kumwambia mtu azungumze peke yake na simu humtia wasiwasi. Waketishe marafiki 2 na simu 1, mmoja ashike, mwingine amsaidie. Hapo watabishana wenyewe: "Siyo hapo, pale juu!" "Hapana, hapo ni pa wafanyakazi!" Katika mabishano hayo utapata unachokitafuta.

Saba, andika kwa ufupi. Daftari letu lina safu 4: kazi, amemaliza mwenyewe, amemaliza kwa shida, au ameshindwa, dakika, na maneno aliyoyasema. Safu ya mwisho ndiyo yenye dhahabu.

Tuliyoyaona

Baada ya yule mama, tuliwaita watu 5 Jumamosi moja. Matokeo ya kazi ya kuomba msaada wa ada yalikuwa haya: aliyemaliza mwenyewe hakuna, aliyemaliza kwa shida 1, walioshindwa 3. Wa 5 alikuwa na simu ya kitochi isiyofungua tovuti kabisa, na hilo nalo lilikuwa jibu.

Haya ndiyo makubwa waliyotuonyesha:

1. Maneno. Mbali na "Rasilimali" na "Ingia", walikwama kwenye "Pakua". Mzee mmoja alisoma kwa sauti, "Pakua fomu," akacheka: "Nipakue kama ugali?" Anajua neno hilo kwa chakula na kwa mizigo ya lori, basi. "Nywila" hakuna aliyeielewa. Wote 4 waliofika hapo walisema "paswedi".

2. Fomu yenyewe ilikuwa faili la PDF. Ilimtaka mzazi aiteremshe, aichapishe, aijaze kwa kalamu, aiskani na airudishe. Yule aliyemaliza alituambia jinsi angefanya: angekwenda steshenari, alipe mara ya kwanza kuichapisha na mara ya pili kuiskani. Msaada wetu ulikuwa unawagharimu kabla hawajaupata.

3. Barua pepe ilikuwa lazima. Kati ya watu 5, mmoja alikuwa na anuani, na hakukumbuka paswedi yake. Wote 5 walikuwa na namba ya simu.

4. Picha ya jengo letu ilikuwa na uzito wa karibu MB 4. Tulijivunia jengo kwa bando la watu wengine.

5. Hapakuwa na namba ya simu ya kuuliza kwenye ukurasa wa mbele. Ilikuwa kwenye "Kuhusu Sisi", chini ya dira na dhamira.

Kabla ya kurekebisha menyu, hatukukaa tena ofisini kubuni maneno. Tulikata manila vipande 20, kila kipande tukaandika jambo moja lililomo kwenye tovuti: kuomba ada, majina ya waliochaguliwa, mafunzo ya wakulima, ripoti ya mwaka, na kadhalika. Tukawapa kinamama 4 baada ya ibada, tukawaomba wapange vinavyofanana pamoja na kila fungu walipe jina. Fungu moja waliliita "Kuomba msaada". Jingine waliliita "Majibu". Mimi na shahada yangu nisingefikiria kuandika "Majibu" kwenye menyu, lakini ndilo neno wanalolitafuta baada ya kutuma maombi.

Kisha tukachora kurasa mpya kwenye karatasi, ukubwa wa kioo cha simu. Mtu anagusa kwa kidole kwenye karatasi, nami nageuka kuwa kompyuta: natoa karatasi hii, naweka ile. Inachekesha, lakini karatasi hufutwa kwa kifutio, wakati fundi akishajenga hulipwa upya.

Gharama

Najua wahasibu wanasubiri hapa. Zoezi la siku ile liligharimu hivi:

Nauli, watu 5 kwa sh. 4,000: sh. 20,000
Chai, maandazi na soda: sh. 12,000
Vocha, watu 5 kwa sh. 2,000: sh. 10,000
Manila, daftari na kalamu: sh. 4,500
Jumla: sh. 46,500

Hesabu hiyo haina posho ya mratibu, na isiwe nayo. Linganisheni na ada ya binti mmoja aliyekosa mwaka.

Marekebisho na kupima tena

Tuliondoa picha kubwa. "Ingia" tukaishusha chini kabisa na kuiandika "Kwa wafanyakazi tu". Juu tukaweka kitufe kimoja kikubwa: "Omba msaada wa ada". Fomu ikawa ya kujaza kwenye simu moja kwa moja, barua pepe si lazima, na namba ya simu ya ofisi ikawekwa kila ukurasa. Fundi wetu alifanya kazi hiyo kwa siku 3.

Tukaita watu 3 wapya. Wawili walimaliza wenyewe. Wa tatu alijaza kila kitu, akakosea tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, akabonyeza "Tuma", na fomu nzima ikafutika. Akaishika simu kimya, halafu akasema taratibu, "Basi." Hakurudia. Lile "basi" lilitufundisha kuliko ripoti nzima. Siku hiyo hiyo tulibadilisha ili kosa moja lisifute kazi ya mtu, na tarehe ichaguliwe kwa siku, mwezi na mwaka. Nisisitize: bila kupima mara ya pili tungefungua mlango na kuacha shimo nyuma yake.

Na kwa ajili ya wenye simu za kitochi, tulirudisha fomu za karatasi katika kila usharika. Wengine waliona tumerudi nyuma. Mimi naona kipimo kilituambia ukweli, kwamba tovuti ni mlango mmoja na si nyumba nzima. Mwaka uliofuata tulipokea maombi 58: kwa tovuti 31, kwa karatasi 27. Nilifuta ile sentensi yangu ya "mwitikio mdogo", na nikamwomba Mwenyekiti wa kamati isomwe kwenye kumbukumbu kwamba ilikuwa si sahihi.

Tahadhari

Mambo mawili kabla ya kumaliza. La kwanza, taarifa za watu. Fomu zetu zina majina ya watoto, hali za familia, wakati mwingine habari za ugonjwa. Katika kujaribu, tumieni majina ya mfano, si ya kweli. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha au kurekodi sauti. Ikibidi kupiga picha, pigeni mikono na simu, si sura. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini, nasi si juu ya sheria kwa sababu ni taasisi ya dini.

La pili, mkishaona makosa msiyaandike yote 40 na kumkabidhi fundi. Atakata tamaa. Chagueni 3 yanayomzuia mtu kumaliza kazi yake, yarekebisheni, mpime tena. Rangi na mapambo vitasubiri.

Hitimisho

Ndugu zangu, tangu siku ile nimejiwekea kanuni. Afisa akiniletea taarifa kwamba wananchi hawakuitikia, namuuliza swali moja: "Umekaa na nani ukamtazama akijaribu?" Kama hajakaa na mtu, taarifa hiyo siipokei. Inawezekana kweli watu hawakutaka. Lakini inawezekana pia walikuja siku tatu mfululizo, wakakuta mlango umeandikwa neno wasilolijua, wakasema labda zimekwisha, wakaenda zao bila kutulaumu. Hawa wasiolaumu ndio wengi, na hawaonekani kwenye takwimu zetu.

Ninawaomba, kabla ya mwezi huu kwisha, kila idara iwaite watu 3. Mvute kiti, mkae pembeni, mnyamaze. Mtakayoyaona yatawaaibisha kidogo. Afadhali aibu yetu ya nusu saa kuliko mtoto kupoteza mwaka.